Mokami na Mkwewe Kundi Moja

Mokami binti Wangwe wa Susuni, mjukuu wa bibi aliyevusha watoto wa jirani mto ukiwa umefurika, mtoto wa Wangwe aliyerudisha ng'ombe wa wizi bila damu kumwagika, na mwenyewe aliyesomesha wanawe kwa kuuza mihogo. Huyo ndiye ninayemwandika. Ni jirani yangu tangu tulipoolewa.

Kijiji kilipata kisima kimoja cha pampu. Safari hii wakubwa hawakutuamulia. Majina yetu yalitolewa kwa bahati nasibu kwenye ndoo, tukae makundi, tujadiliane kichimbwe wapi. Basi Mokami akaangukia kundi moja na Nyangwine, mume wa binti yake!

Kwetu Wakurya hilo ni balaa. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala kusemezana. Nyangwine aliruka kama amekalia siafu. Mokami naye akajifunga kitenge aondoke. Nikamwita kutoka kundi langu, "We Mokami! Mwanamke hapo ni wewe tu. Nani atasema habari ya mtoni?"

Akarudi. Akageuza kiti, akampa mkwe mgongo.

"Maige," akamwambia Msukuma mmoja wa kundi lao, aliyekuja huku kuchimba dhahabu, "wewe huna mwiko na sisi. Mwambie huyo, ng'ombe wake wakitangulia mtoni, sisi tunachota matope."

"Anasema ng'ombe wako wanamnywesha matope," Maige akafikisha.

"Mwambie mama, ng'ombe haohao ndio waliotoa mahari ya binti yake!"

Tulicheka mpaka afisa wa halmashauri aliyetusimamia akajifuta machozi.

Lakini kwa kuwa kila neno lilipitia kwa Maige, hakuna aliyemkatiza mwenzake. Ilibidi ungoje, na anayengoja anasikia. Nyangwine akauliza, "Hata alfajiri kuna matope?"

"Mwambie amuulize mke wake. Ndiye anayewahi gizani."

Nyangwine akasema polepole, "Mwambie mama, pampu ikae karibu na nyumba. Birika la ng'ombe tutalijenga kule chini, maji yafike kwa bomba."

"Mwambie nimekubali. Mawe ya birika nitabeba na mimi."

Kijiji kizima kikapitisha shauri la kundi lao. Vigelegele! Wakamchagua Mokami apeleke uamuzi halmashauri, Tarime mjini. Akatikisa kichwa, mgongo bado kwa mkwe.

"Maige, mwambie aende yeye. Mimi habari ya mtoni naijua tangu utoto. Yeye ameijua leo, bado ina moto mdomoni mwake. Na aanze na wanawake, ng'ombe baadaye."