Timu Iliyofungiwa Kibandani kwa Kombo

Enzi zetu sikukuu ilianza puani. Kabla jicho halijafunguka, harufu ilikuwa imeshafika kitandani: udi uliofukizwa kwenye nguo mpya, siagi ya biskuti, kuku wa kienyeji anayechemka jikoni, na juu ya yote karafuu za jirani zilizoanikwa kwenye majamvi, ambazo sisi wa Wawi hatukujua kuwa zina harufu mpaka tulipohama. Wewe uliyekulia Pemba unanielewa. Ulioga maji ya baridi huku meno yanagongana kwa furaha, ukavaa gauni la vitambaa vya kumeremeta vinavyokuwasha mabegani, ukasukwa nywele mpaka macho yakavutika, halafu ukatoka mbio kwenda kuamkia watu.

Na kuamkia ilikuwa kazi! Nyumba hadi nyumba, mkono mmoja umeshika kiatu kinachokubana, mwingine umeshika ncha ya kitambaa ulichofungia sikukuu yako, vijisenti ulivyopewa na wakubwa. Shikamoo bibi, shikamoo babu, shikamoo ami, naomba sikukuu yangu. Mama yangu alitusindikiza kwa maneno yale yale kila mwaka: "Msiombe kwa kelele kama mnadai. Ombeni kwa adabu, na mkipewa biskuti kuleni, msiweke mfukoni." Watoto wa leo wanatumiwa sikukuu kwenye simu wakiwa wamelala, wanajibu kwa kikatuni kinachocheka, na jua linazama hawajui hata nyumba ya tatu kutoka kwao anakaa nani. Sisi sikukuu yetu tuliifuata kwa miguu, ikatuletea malengelenge, na ilipopatikana ilikuwa na jasho letu.

Kila mwaka fedha zile ziliishia kwenye askrimu, ubuyu na mabembea ya kiwanjani. Lakini mwaka ninaoukumbuka mimi zilikwenda kwa Kombo.

Kombo alikuwa kijana wa mtaani petu aliyekaa Unguja kwa muda na kurudi na televisheni, mashine ya gemu, na namna mpya ya kutembea. Alijenga kibanda cha mabati nyuma ya mashine ya kusaga, akatandika mabenchi mawili, na dunia ikahamia huko. Alikuwa na gemu moja tu, ya mpira, na santuri yake ilikuwa imekwaruzika mpaka wachezaji walikuwa wanaganda hewani, mguu mmoja juu, na sisi tunasubiri tukiwa tumeshika pumzi mpaka washuke. Nasema sisi, lakini mimi nilikuwa nachungulia dirishani. Wasichana hatukuingia. Hakuna aliyelitamka katazo hilo, ila mabenchi yalikuwa yanajaa kila nilipotokea mlangoni.

Mwishoni mwa Ramadhani Kombo akatuonyesha santuri mpya. Ilikuwa ndani ya karatasi yake ya kumetameta, na aliinyanyua juu kama kibuyu cha asali. "Changeni sikukuu zenu," alisema. "Atakayechanga atacheza gemu yote, bure, mpaka sikukuu iishe, mpaka vidole viote sugu." Gemu yote! Tuliyarudia maneno yale usiku kucha. Hamad, mtoto wa ami yangu, ambaye alikuwa mkubwa wetu na kwa hiyo mkubwa wa kila kitu, ndiye aliyekusanya, asubuhi ya sikukuu tulipomaliza kuamkia. Alikuja mpaka kwangu.

"Na mie nitacheza?" nilimuuliza.

"Utacheza, Asha. Fedha haina gauni."

Nikafungua kitambaa changu chote mkononi mwake. Mwaka ule sikuonja askrimu.

Basi sikiliza. Siku ya kwanza ya sikukuu, baada ya adhuhuri, santuri ikaingia mashineni. Nilikuwa dirishani, kidevu kwenye bati la moto, na sijasahau rangi zile! Majani ya kiwanja yalikuwa ya kijani ambacho hata shamba la mpunga la Wingwi halijakijua. Zikaja timu, moja baada ya nyingine, na mwisho wa zote ikatokea timu moja gizani: vivuli kumi na moja vyeusi, na kufuli mbele yao.

"Hao wakongwe," alisema Kombo. "Wachezaji wakali wa zamani wote, timu moja. Tazameni."

Akaifunika padi ya kuchezea kwa kofia yake, akaingiza mikono chini ya kofia, akabonyeza anachokijua mwenyewe. Vivuli vikawaka! Masharubu, nywele za kichaka, kaptura fupi za zamani, wote wamesimama wanatutazama. Kibanda kilipasuka kwa kelele. Kabla kelele haijaisha Kombo akabonyeza tena, wakarudi gizani.

"Hao wana nyongeza yao," alisema.

Ndugu zangu, zogo la siku ile sijaliona tena hata kwenye kampeni. Hamad alipanda juu ya benchi.

"Nyongeza ya nini? Si wamo humu humu?"

"Wamo, lakini wamefungwa."

"Umewafunga weye?"

"Wamekuja hivyo. Mie nnajua pa kubonyeza. Huo ni ujuzi, yakhe, na ujuzi unauzwa. Daktari anakuuzia nini kama si ujuzi?"

"Daktari hanifungi mguu kwa kufuli akanambia lipa utembee!"

"Basi chezeni na walio wazi. Mbona wengi?"

"Ulisema gemu yote!"

"Gemu yote ni ile inayoonekana."

Walibishana mpaka mapovu yakawatoka. Mimi nilikuwa na hasira zangu peke yangu. Nilikuwa nimechanga kama wao, na bado nilikuwa dirishani. Asubuhi ile Hamad aliniambia wasichana watacheza kabla watu hawajaja. Nilipokuja kabla watu hawajaja akaniambia nifagie kibanda kwanza. Nilipofagia akaniambia niteke maji ya kunyunyiza vumbi. Niliporudi na ndoo, watu walikuwa wameshakuja. Ndipo aliponifuata dirishani na shauri jipya.

"Asha, nenda kwa Maalim Shaame kamuulize. Weye anakupenda, unasoma vizuri. Maalim akisema si haki, Kombo hana la kusema."

Maalim Shaame alikuwa mwalimu wetu wa chuoni, tulikosoma Kurani, na alikuwa ameshatangaza kuwa atakayeonekana kwenye gemu atamkuta na bakora. Kumuuliza habari za gemu ilikuwa kujipeleka mwenyewe.

"Usitaje gemu," alisema Hamad. "Sema ni nyumba."

"Na nikirudi nitacheza?"

"Ukirudi na jibu utacheza wa kwanza."

Nilikwenda. Kwani ningefanya nini? Nilikuwa nimeshatoa kila nilichokuwa nacho, na mchezo wangu ulikuwa ndani ya kibanda kile, umekamilika, unanisubiri. Nilimkuta Maalim barazani kwake, kanzu nyeupe pe, sahani ya halua mbele yake. Nikambusu mkono, nikapewa halua.

"Maalim, nna swali. Mtu akinunua nyumba yote, akaingia, akakuta chumba kimoja kimetiwa kufuli, na aliyeuza anasema hicho lipa tena. Ni haki?"

Maalim alifurahi! Mtoto gani anauliza mambo ya biashara siku ya sikukuu? Akajiweka sawa.

"Hicho chumba kimejengwa kikaisha, au bado kinajengwa?"

"Kimeisha, Maalim. Kimepakwa na rangi."

"Kama angekijenga baadaye, hiyo ni kazi mpya, na ana haki ya ujira wake. Lakini kimeisha. Je, siku ya kuuza alisema kuwa hicho hakimo?"

"Hakusema. Alisema yote."

"Basi chumba ni cha mnunuzi. Afungue." Akalamba kidole chenye halua. "Kwani humo chumbani mna nini?"

Swali hilo hatukuwa tumejiandaa nalo. Na mbele ya Maalim ulimi wangu haukujua kutunga haraka.

"Mna watu, Maalim."

"Watu?"

"Kumi na mmoja."

Maalim aliweka sahani chini. "Wamefungiwa? Watu kumi na mmoja? Siku ya sikukuu?"

"Ndiyo, Maalim."

"Wamekula?"

"Hawali, Maalim."

"La haula! Tangu lini?"

"Tangu walipokuja."

"Nyumba ya nani hiyo?"

Nikasema ya Kombo. Ukweli ulitoka kabla sijaufunga mdomo. Maalim alishatia viatu, bakora mkononi, anakwenda mbio na kanzu imepandishwa mpaka magotini, na mimi nyuma yake nalia na kukimbia. Wanawake walisimama milangoni, "Kuna nini, Maalim?" Na yeye anajibu bila kusimama: "Kombo kafungia watu!"

Alipotokea kibandani, mabenchi yaliondoka na watu wake. Wengine walipitia dirishani pangu. Hamad aliingia chini ya meza ya televisheni, miguu ikabaki nje. Kombo peke yake alisimama, padi mkononi.

"Wako wapi?" Maalim alihema.

"Kina nani, Maalim?"

"Watu kumi na mmoja uliowafungia!"

Kombo alimtazama Maalim, akanitazama mimi, akageuka kutazama televisheni. Pale vivuli vyeusi vilikuwa vimejipanga nyuma ya kufuli. Maalim naye akavitazama. Nilisikia mashine ya kusaga ikiunguruma nyuma ya bati na nikajua kuwa maisha yangu yamekwisha.

Maalim alivuta kreti tupu la soda, akakaa. Alijifuta jasho kwa ncha ya kanzu mpaka pumzi ikamrudia.

"Hichi ndicho chumba?" alinigeukia.

"Ndicho, Maalim."

"Afungue."

"Maalim, lakini huu ni ujuzi wangu..."

"Uza ujuzi wako kesho, na useme kabla. Hawa ulishawaambia yote. Kombo, mie nshatoa jawabu, na jawabu halibadiliki kwa kuwa nyumba imekuwa ya kioo. Fungua."

Kombo akafunika padi kwa kofia. "Na hiyo kofia itoe, tuone sote," alisema Maalim. Tukaona sote. Mabonyezo machache tu! Wakongwe wakawaka, masharubu na yote, na waliokimbilia nje wakarudi mlangoni wakipiga makofi, bakora au hakuna bakora.

"Haya. Nani kachanga?" aliuliza Maalim. Mikono ikapanda. Na wangu ukapanda.

"Na weye? Umeshacheza?"

"Bado, Maalim."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Kufagia, maji, kwenda kuuliza. Nilisema yote kwa pumzi moja, kwa hasira, si kwa woga. Maalim akaigonga kwa bakora, polepole, ile miguu iliyotokeza chini ya meza.

"Hamad, toka. Huyu umemuuzia mara ngapi?"

Hamad alitoka na utando wa buibui kichwani. Alichukua padi kutoka kwa Kombo, akanipa mimi.

Jamani! Ilikuwa na joto la mikono ya watu, na nzito kuliko nilivyodhani. Niliketi katikati ya benchi na wakongwe wangu, wazee watupu wanaokimbia kama vijana. Dakika ya kwanza nilijifunga bao, na wote wakanizomea. Nikacheka mpaka machozi. Maalim, kwenye kreti lake, alianza kwa kukunja uso, lakini haukupita muda akasema, "Yule mwenye nywele nyingi mbona humpi mpira? Yuko peke yake!" Nikampa. Akafunga. Sijui nilivyoruka, najua nilipotua nilikuwa nimechana gauni la sikukuu. Maalim aliondoka adhana ya alasiri ilipoanza, na mlangoni alikumbuka kazi yake: "Sikukuu ikiisha, tutaonana chuoni. Wote." Tulionana. Ilistahili kila fimbo.

Sikukuu iliyopita nilirudi Wawi. Mtoto wa kaka yangu, Maryam, alikuwa amejilaza mkekani na simu, gauni lake jipya bado liko kwenye mfuko. Gemu yake ni ya magari, na mimi ni mimi, nilikaa pembeni nikachungulia. Anaendesha vizuri, anashindana na watoto wa nchi ambazo hawezi kuzitafuta kwenye ramani. Ikatokea gari ya manjano, nzuri kupita zote, inazunguka taratibu inawaka taa. Mbele yake kufuli, na chini yake bei.

"Hiyo gari imo ndani ya simu yako?" nilimuuliza.

"Imo, shangazi. Ilishuka na gemu yenyewe. Ila imefungwa."

"Imeshatengenezwa ikaisha?"

"Si unaiona? Mpaka honi inayo."

"Na baba yako aliponunua gemu, walimwambia kuna gari hainunui?"

"Nani, shangazi?"

"Wenye gemu!"

"Siwajui wenyewe."

Nikawaka. Nilimhubiria mwana wa watu pale mkekani: kwamba waliotengeneza wamefanya kazi na walipwe, na wakija na gari mpya mwakani waiuze bei wanayotaka, lakini iliyokwisha siku ya kuuza, ukaibeba mwenyewe mpaka kwako, ukaipa nafasi kwenye simu yako, hiyo si ya kuuzwa mara ya pili. Nikawaandikia wenye gemu malalamiko, marefu, mazuri. Jibu lilikuja hapo hapo, kwa Kiingereza, likinishukuru kwa mchango wangu. Hakuna aliyeyasoma malalamiko yangu; hata kupepesa macho sikuwahi.

Maryam alisubiri kwa adabu mpaka nikamaliza. "Ndivyo zilivyo, shangazi," alisema, akaipitisha gari ya manjano kwa kidole, akachagua nyeupe iliyo wazi, akaendelea. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Sisi kwa kufuli moja tulipanda mabenchi, tukatunga nyumba, tukamkimbiza mwalimu mtaa mzima. Yeye ana makufuli ishirini kwenye kiganja na hana hata wa kugombana naye.

"Kasirika basi, Maryam," nilimwambia. "Japo kidogo."

Akacheka, macho kwenye simu. Alidhani natania.