Wimbi Lililohama

Mjomba wangu ni manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma. Ana kikundi cha bugobogobo, ngoma ya majembe, na alitaka kikundi hicho kiwe na ukurasa mtandaoni ili watoto wa Shinyanga waliotawanyika Mwanza na Dar es Salaam waweze kusikiliza nyimbo za kwao. Kazi hiyo aliniahidi mimi. Aliniahidi mbele ya mama, nyumbani kwetu Kambarage, tukiwa tunakula michembe ya viazi vitamu kwa chai ya maziwa, nami nikaanza siku ileile. Kutengeneza tovuti ndiyo kazi yangu. Nimetengenezea maduka na nyumba za wageni, lakini sikuwa nimewahi kutengeneza kitu ambacho watu wa nyumbani wangekifungua na kusema: hiki ni cha binti yetu.

Kisha mdogo wangu akaja likizo kutoka Geita.

Kule anafanya kazi kwenye studio ndogo inayorekodi nyimbo za vijana wa machimboni. Alimwamkia mjomba shikamoo, akapokea marahaba yake, akanywa maji, na kabla vumbi la safari halijamtoka kwenye nywele alikuwa ameshafungua laptopu yake mezani. "Mjomba, hebu nipe wimbo wako mmoja," alisema. Mjomba akamrushia kutoka kwenye simu.

Kioo cha laptopu kilikuwa cheusi, na katikati kulikuwa na duara jembamba la rangi ya udongo. Ngoma kubwa ilipopigwa, duara likavimba. Njuga zilipoingia, ukingo wake ukatoa miiba midogo inayotetemeka. Sauti ya mjomba ilipobaki peke yake, duara likatulia, likawa linapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala.

Nina tabia ya kutazama watu zaidi ya kitu wanachokitazama. Mama aliweka kikombe chini bila kuangalia anakiweka wapi. Mjomba alisogeza kiti. Mimi niliona kwamba mdogo wangu amepaka rangi kucha, na kwamba moja imebanduka, na nikafurahi kidogo kwa hiyo iliyobanduka.

"Wabeja!" mjomba alimshukuru kwa Kisukuma. Kisha akanigeukia. "Mpwa wangu, na ukurasa wako unacheza hivi?"

Wangu ulikuwa na picha ya kikundi na kitufe cha kupigia wimbo. Ulikuwa umetulia kabisa.

"Wangu utacheza," nilisema.

Jambo lenyewe si la ajabu. Kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, kina chombo chake cha kupasua sauti kuwa namba, nzito za ngoma upande huu, nyembamba za njuga upande ule, tena na tena kadiri wimbo unavyokwenda. Wewe unachukua namba hizo na kuchora mstari, unaufuta, unauchora upya. Jicho likiona haraka hiyo linaamini kwamba mstari unacheza. Nilijifungia chumbani nikaandika yote hayo. Nikabonyeza. Wimbo ukalia, na mstari ukabaki umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Nilisoma msimbo wangu kutoka juu hadi chini, nikausoma tena. Sikuona kosa. Mdogo wangu alipita mlangoni na beseni la vyombo, akachungulia.

"Dada, wimbi limelala? Nikuangalizie?"

"Liko sawa. Nalipima."

"Unalipima likiwa limelala?"

"Nimesema liko sawa."

Aliondoka. Nilimsikia jikoni akimwambia mama kitu, wakacheka. Huenda walicheka habari nyingine kabisa, lakini niliuchukua ule mcheko kuwa wangu.

Sikutaka duara lake wala msaada wake, kwa hiyo nikatafuta njia ya pembeni. Laptopu yangu ina maiki. Nikaiambia programu isiufuate wimbo kwenye faili, iufuate kupitia maiki: spika itoe sauti, maiki iisikie, mstari ucheze. Na ukacheza! Katika utulivu wa chumba kile mawimbi yangu yalipanda kwa kila pigo, ya kijani, marefu, mazuri kuliko duara la mtu yeyote. Nilimwita mama aone. Mama alisema, "Eh, na wewe pia." Hilo neno "pia" lilikaa nami hadi kesho yake.

Mjomba, alipoambiwa kwamba sasa kurasa ni mbili, hakutaka kuchagua mezani. "Tutaamua kingoma," alisema.

Ngoma za kwetu zikishindana hazisubiriani. Vikundi viwili vinaanza pamoja, kila kimoja na ngoma zake, na watazamaji wanatembea kuelekea kule wanakovutwa. Mwisho mwamuzi anatazama tu watu wamesimama wapi. Lakini kuna aibu iliyo kubwa kuliko kukosa watu, nayo ni mchezaji wako mwenyewe kuonekana upande wa pili, anatikisa mabega kwa ngoma ya wapinzani. Huyo husemwa amehama, na nyumba yake hutaniwa mpaka mavuno yajayo.

Mjomba aliomba kibanda umiza cha jirani, banda la mabati ambalo jioni huonyesha mpira kwenye televisheni mbili zilizoning'inizwa ukuta mmoja. Mchana ule wanakikundi walijaa na majirani zao. Laptopu yangu iliunganishwa kwenye televisheni ya kushoto, yake kwenye ya kulia. Mimi nilikuwa nimechagua wimbo wa kulimia unaoanza na sauti ya mtu mmoja, polepole. Yeye alichagua ule wa ngoma kubwa.

"Haya, pamoja!" mjomba alisema, nasi tukabonyeza.

Kwenye spika yangu mtu mmoja aliimba kwa upole. Kwenye kioo changu mawimbi yaliruka hadi darini, yakaanguka, yakaruka tena. Maiki ilikuwa imeidaka sauti iliyo kubwa zaidi, na mawimbi yalikuwa yakifuata pigo baada ya pigo ngoma kubwa ya mdogo wangu.

Aliyegundua kwanza ni mama mmoja mpiga njuga, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Jamani, la kushoto limehama! Linacheza ngoma ya mwenzake!"

Banda zima likacheka. "Rudi nyumbani wewe!" mtu alilipigia kelele wimbi langu, nalo likaruka kwa sauti yake. Basi ikawa sherehe. Wakalipigia miluzi, wakalipigia makofi, wakaliita, nalo likamwitikia kila mmoja. Wote walihamia kwangu. Upande wa kulia duara lilibaki likivimba na kutulia kwa wimbo wake, kwa adabu, likitazamwa na mama yetu peke yake.

Kwa sheria ya ngoma nilikuwa nimeshinda. Nilimtazama mdogo wangu nione kama ameumia. Alikuwa anacheka mpaka machozi, naye amekuja kulipigia miluzi.

Mjomba alijifuta macho. "Watu wako kwa dada," alisema, "ila wimbi la dada liko kwa mdogo. Sasa?"

Yule mama mpiga njuga alikuwa ameshafungua ukurasa wangu kwenye simu yake. "Mbona linaniomba ruhusa ya kunisikiliza? Mimi nafungua nisikilize ngoma. Halafu lenyewe linisikilize mimi, na mambo ya nyumbani kwangu?"

Mjomba alinishika bega, akasema kwa sauti ya chini kwamba kazi aende nayo mdogo wangu, na mimi niandike maelezo ya kikundi. Nilisema sawa, mjomba.

Jioni mdogo wangu alinieleza kosa langu bila mimi kumuuliza. Nyimbo zangu nilikuwa nimeziweka kwenye tovuti nyingine ya kuhifadhia, na kivinjari huruhusu wimbo wa ugenini ulie lakini hakitoi namba zake. Ningeuleta wimbo kwenye folda moja na ukurasa, basi. "Ungeniuliza tu, dada," alisema, na hakulisema kwa ubaya, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi kulimeza.

Ukurasa upo sasa. Juzi dada wa kibanda cha miamala alinionyesha kwenye simu yake. "Umeona hii? Eti aliyetengeneza ni binti wa Geita."

"Ni mdogo wangu."

"Acha! Hongera sana. Na wewe unafanya kazi gani vile?"

Duara lilikuwa linapumua mkononi mwake, limetulia kwenye sauti ya mjomba. Nilimwambia ile rangi ya ukingo imekolea mno, ingepunguzwa kidogo. Aliangalia, akasema mbona yeye anaiona iko sawa. Hata mimi niliiona iko sawa.