Barua Mbili za Sista Driciru

Inatangazwa kwamba kila mama mjamzito anayefika katika kituo hiki atapewa ushauri kamili, peke yake na mkunga wake, kwa faragha na bila haraka.

Barua hiyo ya tangazo imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha ushauri, zahanati moja ya Koboko. Ndani ya chumba kuna maboksi ya fomu za ushauri. Ufunguo anao mkuu wa zahanati, Bwana Ezati, ambaye wiki hii yuko Arua kwenye semina kuhusu faragha ya wagonjwa.

Mkunga Driciru, mzaliwa wa Oli, mtaa wa Arua, miaka kumi na tisa kazini, ana pia barua ya pili: ushauri utolewe benchini, kwa wote pamoja, uishe kabla ya saa nne. Barua zote mbili zina sahihi moja, ya Bwana Ezati, na tarehe moja. Akapiga simu.

“Mkuu, tufuate ipi?”

“Fuateni zote mbili, Sista.”

Driciru alikata simu. Akaenda benchini.

Wanawake ishirini na watatu. Mwishoni alikaa Kiden, mimba ya miezi minane, miguuni kandambili kubwa za mumewe. Pembeni yake, mama mkwe wake, Viktoria.

“Nani anaumwa kichwa? Nani amevimba miguu?” Driciru alisoma kwenye fomu moja aliyokuwa nayo.

Wanawake walitazamana.

“Kiden, na wewe?”

“Huyu iko sawa,” Viktoria akajibu. “Kichwa inamuuma siku ya kulima tu.”

Benchi zima likacheka. Kiden naye akacheka, macho kwenye kandambili.

Driciru hakujua ni barua ipi inayoruhusu kuuliza mara ya pili. Akachukua kikopo cha mkojo.

“Kiden, twende chooni.”

“Choo anajua mwenyewe, Sista,” alisema Viktoria, akiinuka.

“Leo iko nyoka, mama.”

Viktoria akakaa.

Nyuma ya choo Kiden alisema haraka, “Kichwa inauma siku tatu, Sista. Macho inaona nyota-nyota.”

Driciru alimkalisha juu ya jerikeni, akampima presha: mia na sabini kwa mia na kumi, imepanda mno. Kabla ya saa sita gari lilikuwa njiani kumpeleka hospitali Arua.

Ijumaa Bwana Ezati alirudi, akakagua daftari. Ishirini na wawili walikuwa na alama ya kushauriwa benchini. Mbele ya jina la Kiden, aliyejifungua salama Alhamisi, aliandika kwa kalamu nyekundu: hakupewa ushauri.