Mgonjwa wa Siku ya Tatu

Tangu utotoni Twaiba hakujua kutulia. Mamake, huko Ukunda, alizoea kumuuliza kama kiti kina miiba. Uuguzi ulimfaa. Alihudumu miaka mingi katika wodi ya upasuaji ya wanawake kwenye hospitali moja ya Msambweni, na hakuna aliyewahi kumwona ameegemea ukuta. Lakini ulipoletwa utaratibu mpya, hata yeye alianza kuhema.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri, wala Twaiba hakuupinga. Zamani mwanamke akitiwa kisu alilazwa chali, hapewi kitu mpaka tumbo lingurume, na siku zikapita yuko kitandani tu. Sasa Daktari Kombe, mpasuaji, alitaka mgonjwa anyweshwe uji jioni ile ile, atolewe mpira wa mkojo mapema, ainuliwe atembee kabla jua halijatua, na arudi kwao punde anapoweza. Watu walipona upesi zaidi, hilo kila mtu aliliona.

"Wakilazwa siku chache, nanyi mtapata nafuu," daktari aliwaambia wauguzi.

Nafuu haikuja. Twaiba alikuja kuielewa sababu siku moja akitandika shuka. Mgonjwa wa siku ya tatu ndiye aliyekuwa pumziko la muuguzi: yule anayejikogesha, anayejilia mwenyewe, anayemwangalia hata jirani yake. Sasa huyo keshakwenda zake, na kitandani pake amelazwa mwingine aliyetoka chumba cha upasuaji, bado anatapika kwa dawa za usingizi. Wodi nzima ikawa ya wagonjwa wabichi. Kila mmoja alitaka kushikwa mkono, kufundishwa kutunza kidonda, kuelezwa dalili za hatari. Na waliorudi makwao nao walitakiwa wapigiwe simu. Wauguzi wa zamu walibaki wale wale wawili, yeye na mwenzake Rispah.

Ndipo alipoletwa Hasina wa kisiwa cha Funzi, mwanamke mpole, akatolewa uvimbe wa kizazi. Mamake, Bi Hanifa, hakubanduka kitandani pake.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumwinua Hasina."

"Marahaba. Umwinue umpeleke wapi? Mwanangu kapasuliwa leo hii asubuhi!"

"Atembee hadi mlangoni tu, mama. Akilala sana, damu huganda miguuni."

"Damu igande kwa mtu aliye hai? Mwataka kuniulia mtoto."

Twaiba alitamani aketi amweleze kwa utulivu. Lakini kitanda cha pili mtu alikuwa akitapika, na Rispah alikuwa akimwita kutoka upande wa pili. Akamwinua Hasina haraka haraka, wakatembea, Hasina ameuma meno, Bi Hanifa nyuma akisoma dua kwa sauti ya wodi nzima kusikia. Siku ya kuruhusiwa ikawa vivyo hivyo. Twaiba alimweleza Hasina mlangoni, wamesimama, huku machela ikingoja nyuma yake. Mama mtu alikuwa keshatangulia nje kutafuta gari.

Alipopiga simu Funzi, mteja hakupatikana. Akapiga tena wakati wa chakula. Akapiga tena akiwa jikoni kwake, samaki wanaungua.

"Wacha kujisumbua, bana," Rispah alimwambia. "Mtandao wa kisiwani husumbua."

Ilipofika siku yake ya mapumziko, Twaiba aliziacha nguo zimelowekwa, akapanda bodaboda hadi Bodo, akavuka kwa mashua ya mtambo. Njia nzima alijiona mjinga. Huenda angemkuta Hasina akipepeta mchele, wakachekana.

Alimkuta kitandani, amefunikwa shuka mbili katika joto lote lile.

"Tangu turudi sijamwacha akanyage chini," Bi Hanifa alisema kwa fahari. "Hata simu nimeizima, mashoga zake wasimchoshe."

Twaiba akaifunua shuka. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, umekaza, wa moto. Alipoligusa shavu la mguu, Hasina alijikunyata.

"Waumwa tangu lini?"

"Tangu juzi, sista. Mama alisema ni uchovu wa kule kutembezwa."

"Mama," Twaiba alisema, "hii ndiyo ile damu niliyokuambia. Ikipanda kifuani, huua."

Bi Hanifa aliketi sakafuni. "Ya Rabbi! Mbona hukuniambia vizuri, mwanangu?"

Twaiba aliketi kando yake. "Kweli, mama. Sikukuambia vizuri."

Walimbeba Hasina hadi mashuani, na gari la hospitali likawapokea Bodo. Alichomwa sindano za kuzuia damu kuganda, na mguu ukaanza kunywea. Mwenyezi Mungu alimstiri.

Twaiba hakungoja mkutano. Alimfuata Daktari Kombe kwenye ujia.

"Daktari, siku zimepungua, kazi haikupungua. Imesongamana. Yule mama alihitaji nikae naye, nami sikuwa na nafasi ya kukaa."

Daktari alijisugua macho. "Nikipunguza upasuaji, wako wanawake watakaongoja huku wakivuja damu. Hao niwaambie nini?"

Lakini wiki iliyofuata daktari alikwenda kwa wakubwa, akarudi na muuguzi mmoja wa kliniki ya nje, Jumwa, wa kuja asubuhi kuzungumza na jamaa za wagonjwa kabla ya upasuaji na kuwapigia simu waliokwisha kurudi makwao. Alasiri zilibaki kama zilivyokuwa, mbio mtindo mmoja.

Twaiba alishukuru, ila hakutulia. Kila amwonapo mwanamke akitoka polepole na mfuko wake wa dawa, kitanda chake hakijapoa na mwingine akingoja kulazwa, moyo humfuata hadi huko aendako, Shimoni, Kinango, Lunga Lunga, nyumbani mwa watu asiowajua.