Upande wa Kulia Usipunguzwe

Habonimana Egide, fundi wa viti vya magari katika kata ya Buzebazeba, alisifika kwa unyoofu wa kazi yake, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni mwa mama. Alikulia hapa, akaoa hapa, na ufundi akaupata kwa marehemu Mzee Abdul wa Ujiji, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye alimtoa katika kubeba mizigo bandarini akamkalisha mbele ya cherehani kwa miaka kumi na mmoja.

Kazi yenyewe huanza kwa kubomoa. Kava kuukuu la ngozi huvuliwa kwenye siti, likafumuliwa kwa wembe mshono baada ya mshono, na kila kipande hutiwa namba kwa chaki kabla hakijatengana na jirani yake. Vipande hupanguswa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, hulazwa mezani, hukandamizwa kwa mawe laini ya ziwani mpaka vitulie. Kisha huchorwa juu ya karatasi za mifuko ya saruji, na karatasi hizo, zikishakatwa, ndizo vigezo vya kukatia ngozi mpya. Lakini ngozi iliyokaliwa miaka mingi haiaminiki, kwa kuwa hulegea na kutanuka upande ule ambao dereva hupandia na kushukia. Kwa sababu hiyo Habonimana alikuwa na desturi yake: akishachora, aliikunja karatasi katikati, akaushika upande usiochakaa sana kuwa ndio wa kweli, na kwa mkasi akaulazimisha wa pili ufanane nao. Viti vyake vilitoka vimelingana kama kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa.

Mwezi wa Machi alijiwa na mtu aitwaye Dismasi, akiwa na pikapu ya dada yake na ngozi moja ya rangi ya kahawia iliyotoka Bujumbura, ya kutosha siti moja tu. Dada huyo, Verediana wa Mwandiga, alikuwa akinunua dagaa Kibirizi na kuwapandisha sokoni kwao, akiendesha mwenyewe. Siti yake ya dereva ilikuwa imepasuka, na Dismasi alitaka kumfurahisha. Aliagiza iwe kama imetoka kiwandani. Habari ya mwili wa dada yake hakuitaja, kwa maana katika nyumba yao habari hiyo haikuwa ikizungumzwa.

Fundi alipofumua kava aliona mambo mawili. La kwanza, kipande cha kulia cha kikalio kilikuwa kipana kuliko cha kushoto kwa vidole viwili, na chini yake palikuwa na pande la sponji lililogandishwa kwa gundi. Akahukumu kwamba upana ule ni ngozi kulegea, na sponji ile ni kiraka cha fundi mvivu. Akakunja karatasi yake, akapunguza, akatia sponji mpya iliyo sawa kama meza.

La pili, mgongoni mwa kipande kile palikuwa na mstari wa maandishi ya Kiarabu, umeandikwa kwa kalamu nzito. Habonimana ni Mkristo na herufi zile hakuzijua, ila miaka yake Ujiji ilimfundisha kuziheshimu. Aliamini ni dua ya safari. Kwa hiyo alipomgawia Selestini, fundi viatu, ngozi zote kuukuu, kipande kile alikizuia, akaona haifai maneno ya Mungu yageuzwe kamba za makubazi na kukanyagwa. Alikilaza juu ya kabati, mahali pa juu kuliko vyote karakanani.

Siku ya tisa baada ya Dismasi kuichukua kazi ilipokwisha, pikapu ilirudi. Aliyeendesha ni Dismasi. Dada mtu aliteremka upande wa abiria, na hapo kwa mara ya kwanza fundi akauona mwendo wake: bega la kulia lilizama kwa kila hatua. Alikaa kwenye benchi kiupandeupande.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri, dada. Karibu."

"Ndiwe uliyeninyoosha? Mama yangu aliihangaikia nyonga hii miaka mitatu, akashindwa. Wewe umeweza kwa siku nne."

Habonimana hakujua kama inampasa kucheka. Verediana akamweleza bila kupaza sauti. Alipokuwa msichana alianguka kutoka juu ya lori la mawese, na nyonga ikaunga vibaya. Akikaa mahali palipo sawa, haupiti muda mguu wa kulia hufa ganzi. Juzi yake alikuwa akiteremka kutoka Mwandiga, na mbele yake watoto wa shule walikuwa wakivuka barabara. Alivuta breki ya mkono, gari likaenda kujikita katika lundo la mchanga. Hakuumia mtu.

"Sikujua kama nimekanyaga breki," alisema. "Ilibidi niuangalie mguu kwa macho, kama mguu wa mtu mwingine."

Tangu siku hiyo hakuwa ameendesha. Kama siti haitarudi ilivyokuwa, alisema, gari litauzwa na yeye atakaa nyumbani kungoja kulishwa na kaka yake. Siti ile alikuwa ametengenezewa na mzee mmoja wa Ujiji, aliyemkalisha kwanza na kumwagiza mkewe amchukue vipimo. Akalitaja jina la mzee.

Lilikuwa la Mzee Abdul. Kazi ya mwalimu wake ilikuwa imepita mikononi mwake, akaiita kazi ya mvivu. Na kava lenyewe lilikwisha kuwa makubazi, limetembea mitaa yote. Kilichosalia ni kile kipande cha juu ya kabati. Alikitwaa, na alasiri hiyohiyo akakipeleka Ujiji kwa Bi Ashura, mjane wa Mzee Abdul.

Baada ya shikamoo alimwuliza kama ile ni dua. Bi Ashura alifuta miwani kwa upindo wa kanga, akasoma, akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha.

"Dua gani, mwanangu? Marehemu hati nyingine hakuijua; hata vitu vya kununua sokoni aliviandika hivi. Hiki ni Kiswahili. Amesema: Upande wa kulia usipunguzwe. Ni mwili wa mwenye gari, si ngozi kulegea."

Bi Ashura akamrudishia kipande.

"Alijua atakayekuja kuifumua ni wewe. Angekuwa nani mwingine? Miaka yote ile hukumwomba akusomeshe?"

Hakuwa ameomba, na mzee hakuwa amempa. Mwanafunzi aliogopa kuonekana anaichungulia dini ya mwalimu, na mwalimu aliogopa kuonekana anamvuta mwanafunzi atoke katika yake. Heshima yao ilikuwa ya kweli kwa pande zote mbili, na ndiyo iliyomficha mmoja maneno ya mwenzake. Herufi hubeba maneno ya Mola, na hubeba pia wasia wa fundi kwa fundi. Azitukuzaye bila kuzisoma huenda akaiweka haki ya mtu juu ya kabati akidhani ameihifadhi.

Bi Ashura alikuja Buzebazeba kesho yake, akamchukua Verediana vipimo nyuma ya pazia kama alivyowahi kufanya. Habonimana alitandaza karatasi ya saruji bila kuikunja, akalaza juu yake kile kipande kimoja, akakichora jinsi kilivyo, na kwa vipimo vile akagandisha tena pande la sponji upande wa kulia. Ngozi ya kahawia ilikuwa imekwisha. Alilazimika kuunga utepe wa ngozi nyeusi wa vidole viwili, ukaonekana kama kovu kwenye kazi ya mtu asiyejua kazi. Kabla ya kufunga kava aliandika mgongoni mwake maneno yale kwa herufi alizozijua, na chini yake Bi Ashura akayaandika kwa zile za mumewe.

Verediana alipanda, akakaa nusu saa gari likiwa limezimwa. Habonimana alisimama nyuma ya pikapu akizitazama taa za breki. Ziliwaka nyekundu, zikazimika. Zikawaka tena.

"Unausikia mguu, dada?"

"Nausikia. Bado si kama ya mzee." Akaikanyaga breki tena. "Lakini nausikia."

Aliondoka akiendesha mwenyewe, polepole, Dismasi pembeni yake mkono ukiwa karibu na breki.

Habonimana alirudi ndani, akaangua vigezo vyake vilivyotundikwa ukutani, vya miaka mingi, vyote vikiwa na mstari wa kukunjwa katikati. Alivitandaza kimoja kimoja, akavikandamiza kwa mawe ya ziwani. Mistari haikufutika. Akabaki amevitazama, asijue ni katika vipi alinyoosha ngozi, na ni katika vipi alimnyoosha mtu aliyekwenda zake bila kurudi kulalamika.