Mbuzi Aliyemtembeza Baba Mkubwa

Mwanangu, katika kuhamahama kwangu nimesahau mengi, hata majina ya watu walionilaza kwao. Lakini ipo siku haijanitoka: siku baba yangu mkubwa, mzee Tluway, alipokutwa na jirani akipanda kilima pale Buger na mbuzi, amechongoa midomo kama mtu anayetaka kupiga mluzi, na mluzi wenyewe hautoki.

Nilikuwa kijana. Nilikuwa nimetoka kuwa utingo wa basi la Wasso, vumbi la njia ile bado limenijaa masikioni, nikarudi nyumbani nipumzike kabla ya kuondoka tena. Nikamkuta Baba Mkubwa amemaliza dawa za kifua kikuu. Makohozi yalipimwa yakaonekana safi, lakini akitoka kitandani kwenda zizini alikuwa anashika kila nguzo kama mlevi. Na harusi ya binti yake Fabiola ilikuwa inakaribia.

Hapo ndipo palipouma. Katika ukoo wetu, Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa akitoa slufay, yale maombi ya baraka ya Wairaqw. Mzee anasema mstari, watu wanaitikia, anasema mwingine, wanaitikia, mpaka mvua, mifugo na watoto wote wameombewa. Sasa hakuweza hata kufika kwenye mvua. Ndugu walishaanza kunong'ona kwamba bibi harusi abarikiwe na shemeji mmoja wa Kansay, mtu mwenye sauti kubwa na maneno machache.

"Yule?" Baba Mkubwa alifoka, akakohoa, akasubiri, kisha akamalizia, "Yule anaomba kama anauza mitumba!"

Nikampeleka hospitali mjini Karatu. Mtaalamu wa mazoezi ya tiba alikuwa dada wa Kimasai anayeitwa Naserian. Alimsikiliza kifua, akamwambia wazi.

"Baba, pafu lina makovu, siwezi kukupa jipya. Lakini hilo lililobaki umelifungia ndani kama ndama mgonjwa. Tutalitoa nje. Utatembea kila siku, utapumzika, utatembea tena."

"Nyinyi zamani mlituchukulia ng'ombe, leo mmefuata na pumzi?"

"Ng'ombe sina habari nao, baba. Pumzi nakurudishia. Vuta kwa pua. Sasa chongoa midomo, toa polepole, kama unapoza chai."

"Chai yenyewe iko wapi?"

"Ukipuliza vizuri nitakununulia."

Alipuliza vizuri, akanywa chai. Kutembea ndiko kulikomshinda, wala si kwa sababu ya miguu. Kwetu, mwanangu, mzee akionekana njiani ana shughuli: jembe begani, ng'ombe mbele, au anakwenda msibani. Mzee anayepanda kilima, akafika juu, akageuka na kushuka mikono mitupu, hata mbwa wanamtilia shaka.

"Watasema dawa zimenipanda kichwani," aliniambia. "Na shemeji atakuwa wa kwanza kusema."

Basi akafunga mbuzi jike kamba. Akiulizwa, anampeleka kwa beberu wa rafiki yake kule juu.

Mwanzoni ilipita. Lakini mbuzi akawa yuleyule na kilima kilekile kila asubuhi, majirani wakaanza kumhurumia mbuzi. Mmoja alisema beberu ndiye mbovu. Mama Paskali, jirani yetu, alichemsha majani, akaja kumnywesha ili ashike mimba. Mbuzi mwenyewe alishajua vituo vyote. Baba Mkubwa akianza kuhema, anasimama bila kuambiwa, anakula majani ya kando ya njia mpaka mzee aliyeinama na kushika magoti apate pumzi.

Ndipo siku hiyo niliyokutajia, nilipokuwa nimemsindikiza, Mama Paskali akatukuta katikati ya kilima.

"Baba Fabiola! Sasa beberu unampigia mluzi?"

Baba Mkubwa alitaka kumjibu haraka, pumzi ikamkatalia, akakaa chini. Mama Paskali akaanza kupiga kelele kwamba mzee anakufa. Baba Mkubwa akainua mkono, akachongoa midomo, akapuliza, akapuliza tena.

"Sifi," alisema. "Mimi ndiye... ninayetembezwa. Mbuzi ananisindikiza tu."

Yule mama alicheka mpaka akakaa naye chini. "Na dawa yangu amekunywa bure!" Kisha akakohoa, kikohozi kile cha miaka mingi ya moshi wa jikoni, akauliza taratibu, "Hiyo midomo unaifanyaje?" Kuanzia hapo walipanda pamoja, na mimi nikamlazimisha na yeye akapimwe hospitali.

Siku chache kabla ya harusi, Naserian alimwomba aseme slufay kidogo. Baba Mkubwa akaikimbiza yote kwa pumzi moja, akakwama.

"Baba, watu wanapoitikia, wewe unafanya nini?"

"Naendelea. Nina haraka kabla pumzi haijaisha."

"Hapo ndipo pa kuvuta kwa pua."

Mzee alimtazama sana. "Binti, inawezekana wazee wa zamani nao walikuwa na kifua kama changu?"

Siku ya harusi aliomba kigoda, akabariki amekaa. Akapita mvua, akapita mifugo, akafika kwa watoto, sauti ikakatika. Shemeji wa Kansay akasimama, akisafisha koo. Ghafla kutoka upande wa akina mama, Mama Paskali akaitikia upya, kwa nguvu, na watu wote wakamfuata, wakauvuta mwitikio ule mrefu kuliko nilivyowahi kuusikia. Baba Mkubwa akachongoa midomo, akapuliza, akavuta, akaendelea mpaka mwisho. Fabiola alilia. Shemeji akakaa.

Mbuzi hakuchinjwa. Baba Mkubwa alisema daktari wake haliwi.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: kifua kikisumbua, nenda kapimwe, na dawa umalize. Ukimaliza na pumzi bado ni fupi, usijifungie ndani. Uliza hospitali kuhusu mazoezi. Tembea, na upumzike kabla hujaishiwa. Usione aibu kutembea mikono mitupu. Na ukikwama mbele za watu, waache wakuitikie.

Mungu akupe pumzi ya kupanda na ya kushuka. Mvua ikukute umeshapanda mbegu. Wanao wakuzidi mwendo, wakungoje juu. Nawe itikia, lakini polepole, nipate kuvuta.