Nilivyolainisha nibu ya marehemu wa Kawangware

Wakuu, salamu kwenu nyote, walio kazini na wanaojifanya wako kazini.

Hii nitaisema bila kuipaka rangi. Nimefika umri ambao mtu akinicheka namshukuru, maana wengi wa kunicheka wameshazikwa.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa saa Kibera, upande wa Olympic. Meza moja, stuli mbili, kioo cha kukuzia jichoni. Kisha zikaja saa za betri, zile zikifa mtu anatupa ananunua nyingine. Nikaona njaa inakuja, nikaanza kutengeneza kalamu za wino.

Hasa za Urusi.

Vijana, ngojeni niwaeleze. Kuna Wakenya waliopelekwa kusoma kule zamani, wakati bado ni Soviet. Walirudi na digrii, makoti mazito ambayo Nairobi hayana kazi, na kalamu. Makoti yaliliwa na nondo, kalamu zikalala kwenye madroo. Soviet yenyewe ilipovunjika, wajinga watatu wa Nairobi waliamua kwamba hizo kalamu sasa ni hazina.

Mimi nilikuwa mjinga wa pili.

Wa kwanza alikuwa Ochieng', karani. Alisoma Moscow mwaka mmoja akarudi, na huo mwaka mmoja aliuvuta kwa maneno mpaka ukafika ishirini. Wa tatu alikuwa mwalimu mpole ambaye kazi yake ilikuwa kukubaliana na Ochieng'.

Jumapili baada ya kanisa tulikutana kwenye hoteli ya chai Kawangware. Kila mtu na kalamu nne kwenye mfuko wa shati, kama askari mwenye medali za vita ambavyo hakwenda. Tunabishana hii ni ya Moscow, hii ni ya Leningrad. Tunazijaribu kwa kuandika majina yetu. Majina yetu tu, wakuu. Hakuna aliyekuwa na mtu wa kumwandikia barua.

Tulikuwa na sheria moja: kalamu si kamili mpaka nibu, yaani ile ncha ya kuandikia, iwe dhahabu halisi yenye kanyota kadogo. Kalamu yangu bora, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha chifu, ilikuwa na nibu ya chuma kilichopakwa tu rangi ya dhahabu. Ochieng' alikuwa akiishika kwa vidole viwili.

"Omera, ndugu yangu, hii ni suti ya waziri na meno ya bandia."

Mwalimu akakubali.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya roho yangu siku Mama Wanjiru alipokuja.

Mama Wanjiru alikuwa mjane, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha huko Kawangware, sehemu inayoitwa Kongo. Mumewe alisomea kilimo Urusi. Alifungua leso, akaniwekea kalamu ya marehemu mezani. Alikuwa akiitumia kuandika kumbukumbu za mikutano ya akina mama wa kanisa.

"Fundi, imekataa kunywa wino. Ni hiyo tu. Kwingine usiguse."

Msije mkasema sikuambiwa.

Ugonjwa ulikuwa mdogo. Ndani ya kalamu hizo kuna kizibo cha koki kinachopanda na kushuka kuvuta wino, na hicho kilikuwa kimekauka. Nilichonga kingine kutoka kwenye koki ya chupa ya waini, nikakichemsha kwenye nta ya mshumaa. Kalamu ikanywa wino kama ngamia. Kazi safi. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na uzi wa kuandika humu jukwaani.

Lakini nibu yake ilikuwa dhahabu. Na kanyota kalikuwepo.

Nikabadilisha. Yake kwangu, yangu kwake. Kwa macho zilifanana.

Nilipoijaribu ile ya dhahabu, ikawa inakwaruza. Upande mmoja ulikuwa umelika. Nikasema huu ni ubovu, nikaisugua kwenye msasa laini wenye maji mpaka ikateleza. Nikajiambia hata Mama Wanjiru nimemfanyia hisani, amepata nibu isiyo na shida.

Jumapili Ochieng' alisimama kabisa. "Omera! Sasa hii ni kamili!" Nikanywa chai yangu kama bwana harusi.

Wiki iliyofuata Mama Wanjiru akarudi. Aliketi, akafungua daftari, akaandika mstari mmoja mbele yangu.

"Fundi, hii si yake."

"Ni hiyo hiyo, mama. Ni vile nimeisafisha." Uongo ulitoka haraka kuliko pumzi.

"Mzee wangu aliandika kwa mkono wa kushoto," akasema. "Mimi natumia wa kulia. Nikivuta herufi kwenda huku, ilikuwa inanikwama kidogo. Tangu afe tunagombana hapo tu, mimi na yeye. Sasa inateleza kama ya mtu yeyote."

Wakuu, kila fundi wa kalamu anajua kwamba dhahabu hulika kufuata mkono wa mwenyewe. Nilijua. Ule upande uliolika niliuona kwa jicho hili, kupitia kioo, nikauita ubovu.

Nikafungua droo, nikaichomoa nibu yake kwenye kalamu yangu, nikairudisha kwenye yake. Akaandika. Ikateleza.

"Bado," akasema.

Ikabidi nimwambie habari ya msasa.

Na hapo ndipo nilipofanya upumbavu mkubwa kuliko wizi. Nilisema, "Nipe dakika mbili, mama," nikachukua jiwe la kunolea, nikaishika kalamu kwa mkono wa kushoto, nikaanza kuisugua. Fundi wa saa wa Kibera, anachonga mkono wa marehemu ambaye hakuwahi kumwona!

Akaijaribu.

"Haiya! Hii inakwaruza kila mahali. Yeye hakuwa mkali hivi."

Akacheka kidogo. Afadhali angenitukana. Kisha akaweka kalamu mezani, akakunja leso yake.

"Kaa nayo, fundi. Wewe ndiye uliyekuwa unaihitaji."

Ochieng' alinipongeza kwa kupata kalamu ya pili yenye nibu ya dhahabu. Sikurudi tena kwenye ile chai.

Baada ya mwezi niliipeleka kalamu Kongo, nimrudishie hata kama ni mwili tu. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai na mkate, tukaongea habari za mvua. Mezani kulikuwa na daftari la akina mama wa kanisa, na juu yake bairo ya dukani, ile kalamu ya plastiki. Aliona ninaitazama.

"Hii inaandika vizuri tu," akasema, akaniongezea chai.

Niliondoka na kalamu mfukoni. Iko nami mpaka leo.

Nilichojifunza: mwenye kitu akikuonyesha ugonjwa mmoja, tibu huo mmoja. Jicho la tamaa likianza kuona ubovu, weka vifaa chini.

Mafundi mlio humu, nani mwingine ametengeneza kitu mpaka akakiua? Nanyi wenye kutukana, uwanja ni wenu. Mimi nina chai na nina muda.